Jumba la Mferejini, Kharumwa

Kharumwa
4 Juni 2023

Mke mwenzangu Noela,

Mwangaluka. Mimi ni mzima, ila magoti yameshafunga ndoa na baridi ya asubuhi na sina wa kuyaachanisha. Ng'ombe hawajambo. Yule mwekundu mwenye kisirani hajambo kuliko sisi sote. Pamba imetoka kidogo, viazi vimekubali. Nimevikata na kuvianika, michembe ya kujaza debe, na fungu lako nimeliweka, kama huko uliko bado unakula vyakula vya watu wa kawaida.

Utashangaa kupata barua. Simu aliyoninunulia baba yako mdogo Maganga inalala kwake ikichajiwa, na mkewe, Mama Davis, huisoma kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha nilipokuwa namfundisha darasa la nne. Ukiniandikia humo unawaandikia wao. Barua naipeleka mwenyewe kwa Katekista Theonest, naye huiposti akienda Geita kwa shughuli za parokia. Nawe nijibu kupitia sanduku la parokia.

Sasa neno lenyewe. Ulimtumia Maganga picha ya hilo jumba mnalolipima huko Venisi, la mfanyabiashara wa kale, lililosimama majini. Tangu siku hiyo mwanangu hajalala. Unajua tangu aache kuuza almasi Maganzo akaanza kununua dhahabu Geita amekuwa akitafuta mtu wa kulingana naye. Sasa amempata. Bahati mbaya tu kwamba mwenzake huyo amekufa miaka mia saba iliyopita.

Anataka kulijenga jumba hilo hapa. Viwanja vyake vya Geita havifai, anasema, kwa sababu havina korongo la kuchimbia mfereji. Hapa kwangu korongo lipo, na tena mama lazima aheshimiwe. Ameniheshimu kwa kuniambia nitoe vyombo vyangu kabla ya mvua. Jumamosi aliizunguka nyumba yangu akiitajia magonjwa yake: bati limechakaa, mlango haufungi mpaka uusukume kwa bega, na dirisha la jiko limeinama upande mmoja kama mzee anayesinzia ibadani. Aibu, anasema. Hilo ndilo dirisha babu yako Ndaki alilolitoboa kwa sururu siku macho yangu yalipovimba kwa moshi, naye hakuwa fundi, alikuwa mume. Kaburi la Ndaki halitaguswa, litazungushiwa marumaru. Marehemu ameangaliwa vizuri kuliko mimi.

Noela, mimi kwenye nyumba hii sitoki. Nimeingia humu bibi arusi na nimekulea humu tangu baba yako alipotuacha. Wewe ndiye msomi wa majumba. Mwandikie Maganga umwambie jumba hilo haliwezekani Kharumwa. Mimi akinisikia anacheka, wewe akikusikia anaandika.

Na unarudi lini?

Bibi yako,
Nyamizi


Venisi
9 Julai 2023

Shikamoo Bibi, mke mwenza mkubwa usiyetaka kustaafu,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya moshi, nikaiweka chini ya mto. Mimi sijambo. Joto la hapa linatuchemsha, na mbu ni ndugu kabisa wa mbu wa huko, tofauti ni kwamba hapa watu wanapanda ndege kuja kuumwa. Chumba changu kiko ghorofa ya nne na choo kiko ya tatu, kwa hiyo mapafu yangu yako vizuri. Michembe nihifadhie. Pole na magoti.

Bibi, nimesoma ombi lako mara nyingi. Shida ni kwamba siwezi kumwambia Baba Mdogo kuwa jumba hili haliwezekani, kwa sababu hata hapa halikuwezekana. Waliojenga walikuta matope matupu. Wakakata miti, wakaipigilia kwenye matope mmoja kando ya mwenzake mpaka ikakaza, wakalaza mbao juu yake, kisha mawe yasiyonywa maji, ndipo matofali. Miti hiyo iko chini hadi leo na haijaoza, maana haipati hewa. Udongo wetu mweusi wa mbuga ukilowa si tofauti sana na matope haya.

Mwenyewe aliitwa Marino. Aliuza pilipili na vitambaa kutoka mbali. Uso wa nyumba aliuelekeza majini, na huku barabarani akaacha mgongo mtupu, kwani mgeni wa maana alikuja kwa mashua. Mzigo uliingizwa kwa mlango wa majini, ukapita kwenye ukumbi mrefu wa chini wenye maghala kushoto na kulia. Juu ndiko alikolala na kula, na huko kuna safu ya madirisha yenye matao membamba, marefu, yaliyochongoka kidogo kileleni. Jua likipiga maji, mwanga unarudi na kucheza kwenye dari. Nilipouona mara ya kwanza nilikaa chini sakafuni kama mtoto.

Halafu, Bibi, kuna jambo lingine. Katika ukoo mzima Baba Mdogo ndiye wa kwanza kuniuliza ninasoma nini na kusubiri jibu. Wengine mnaniuliza ninarudi lini.

Akikuhamisha, utalala wapi?

Mjukuu wako,
Noela


Kharumwa
13 Agosti 2023

Noela,

Salamu nyingi kutoka kwa kuku, ambao bado wana makazi. Theonest anakusalimu. Binti yake Eunice amejifungua mtoto wa kiume hospitali ya Kolandoto, na mama na mtoto hawajambo.

Nilikuomba dawa, umenitumia sifa za ugonjwa. Nimeyasoma yote: matope, miti, mwanga wa darini. Barua nzuri sana. Ungeandika hivyo ulipokuwa darasa la saba ningekupa alama zote na kukutuma ukachote maji.

Mfereji umeanza. Katapila limechimba kutoka kwenye korongo hadi mbele ya mlango wangu, shimo ambamo tembo angeweza kujificha. Korongo lenyewe unalijua, Agosti ng'ombe hulivuka bila kulowesha kwato. Nilimuuliza Maganga maji yatatoka wapi. Akasema, "Mama, wewe huna maono." Ni kweli, nina macho tu. Vijana wa machimboni walipoona udongo mpya walikuja na karai zao, wakauosha wakitafuta rangi ya dhahabu, wakakosa, wakaondoka wakimpa pole. Walidhani amepoteza shimo.

Nikamuuliza pia maghala ya chini ni ya nini. Huyo Marino wako alikuwa na magunia ya pilipili. Dhahabu yote ya Maganga inaenea kwenye mfuko wa shati, na bado mfuko unafungika kifungo. Anataka mlango wa kupokelea mashua, na chombo pekee cha majini katika ukoo huu ni beseni langu la kufulia.

Lakini haya yote ni mazungumzo. Maganga anawatangazia watu kwamba wewe unamchorea ramani. "Kama ilivyo kule," anasema, "asipunguze hata tofali." Ni kweli unamchorea? Nijibu kwa neno moja. Ulipokuwa mwanafunzi wangu ulijua tofauti ya ndiyo na hapana.

Unaniuliza nitalala wapi. Nitalala kwangu. Wewe utalala wapi utakaporudi, hilo ndilo la kuuliza. Na utarudi lini?

Nyamizi


Venisi
17 Septemba 2023

Shikamoo Bibi,

Hongera kwa Eunice, mwambie jina la mtoto wasihangaike kulitafuta Ulaya, majina ya huku yameshatumika. Mimi ni mzima, nilikuwa na mafua nikapona.

Leo nikusimulie kisima, utakipenda. Watu hawa walizungukwa na maji na hawakuwa na tone la kunywa, maana yote ni ya chumvi. Kwa hiyo katikati ya ua wa Marino walichimba shimo kubwa, wakalikandika ndani kwa udongo wa mfinyanzi, wakalijaza mchanga, na katikati wakajenga kisima cha matofali. Mvua ikinyesha inashuka kutoka paani hadi uani, inapita mchangani, inatoka safi. Ungekiona ungesema ni chujio lako la chungu, ila lako halina watalii.

Nalo jumba halijanyooka, Bibi. Ukilitazama kutoka majini unaliona limesimama kama askari, lakini ukilipima kwa kamba unakuta hakuna pembe iliyo sawa. Hapa ilikuwa kawaida: mtu akitaka kujenga nyumba kubwa hubakiza kuta za kale zilizokuwepo, hujengea juu yake au pembeni yake, na nyumba mpya ikapindia pale ya zamani ilipopindia. Profesa wetu hukasirika tukisema ni kasoro. Anasema nyumba isiyopinda haikukuta mtu.

Marino alikufa tajiri. Wajukuu waligombania vyumba mpaka wakajenga ukuta katikati ya ukumbi wa juu ili wasionane wakila. Baadaye jumba likawa nyumba ya wageni, baadaye ghala la mbao, na chumvi ikapanda kwenye kuta ikala chokaa. Sasa tunalitibu sisi.

Nina kazi nyingi sana wiki hizi, nachora hadi macho yanauma. Jitunze. Usinyanyue debe la maji peke yako.

Noela


Kharumwa
22 Oktoba 2023

Noela,

Sijapata barua yako tangu ile ya mwezi wa saba. Labda imepotea, labda huna la kusema. Nadhani huna la kusema, kwa sababu ramani yako haikupotea njiani hata kidogo. Ilifika kwenye simu ya Maganga jana, leo imechapishwa Geita kwenye karatasi pana kama shuka, na ameileta hapa ameikunja kwapani kama nabii.

Sikuitazama. Aliponifunulia niligeuza shingo.

Kumbe fundi wa kunibomolea nyumba nilimlea mwenyewe kwa uji. Hongera kwa kusoma. Katapila linakuja Jumatatu. Nimetoa kitanda na sufuria hadi chini ya minyaa, sitaki mtu anisaidie, na picha ya baba yako nimeifunga kwenye khanga. Nimelia, uandike na hilo kwenye masomo yako.

Usinijibu.

Nyamizi


Venisi
12 Novemba 2023

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako imechukua wiki tatu na Jumatatu yako imeshapita. Simu yako nimeipiga mara nyingi. Mara anapokea Mama Davis na kuniambia umelala, saa nne asubuhi. Baba Mdogo naye anajibu kwa kunitumia picha za saruji. Sijui kama ninaandikia nyumba iliyopo au isiyopo. Nimeogopa kweli, Bibi, sikuogopa hivi hata nilipopanda ndege.

Kama bado kuna kitu kimesimama, kamata ile ramani na utazame kona ya kaskazini. Hapo kuna kijumba cha chini, na nimekiandikia kwa herufi kubwa: KISIGUSWE. Marino alipokuja kujenga alikuta pale nyumba ya bibi mmoja asiyetaka kuhama. Akambembeleza, akakataa. Akatishia, bibi akafunga mlango. Basi jumba lote likakizunguka kijumba chake, ndiyo maana lina kona iliyopinda, na ndiyo kona ambayo wageni wote wanakuja kuipiga picha. Nilimwandikia Baba Mdogo kwamba bila kona hiyo si jumba la Marino, ni gesti tu yenye matao. Sikukujibu kwa neno moja kwa sababu neno lolote kati ya yale mawili lingekuwa la uongo.

Ulisema akinisikia mimi anaandika. Nilichora.

Nitumie hata neno moja.

Noela


Kharumwa
28 Januari 2024

Mke mwenzangu,

Mwangaluka. Barua zako mbili, ya kisima na ya kona, zimefika pamoja baada ya Krismasi, zikiwa zimeshikana kama wezi. Nilikuwa nimeshayaona yote kwa macho. Lakini nianze na salamu: magoti yamepoa, ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike mwenye tabia za mama yake, na mahindi yamesimama vizuri mno, mvua zimetupenda mwaka huu.

Katapila lilikuja Jumatatu ile kama lilivyoahidiwa. Mimi nilikaa kwenye kiti changu mlangoni, nimevaa gauni la kanisani, ili nikifukiwa nifukiwe nikiwa nadhifu. Fundi mkuu ni kijana wa Kikurya, Chacha, mtu wa kunyooka. Akatandaza ramani yako kwenye boneti ya gari, akaisoma, akaisoma tena, akanyoosha mkono dereva azime mashine.

"Bosi, hapa haturuhusiwi," akasema.

"Haturuhusiwi na nani? Kiwanja ni cha kwetu!"

"Pameandikwa kisiguswe. Jumba linazunguka hapa."

Maganga akainama kwenye karatasi mpaka pua ikaigusa. "Sasa hiki nacho ni nini? Ulaya nako kuna vibanda?"

"Mimi nasoma kilichoandikwa. Ulisema kama ilivyo, tusipunguze hata tofali. Tukipunguza kona nzima, usije ukaniambia sikukuambia."

Na pale nyuma walikuwa wamesimama wanunuzi wenzake kutoka Geita, aliowaleta washuhudie. Ungemwona mwanangu. Alivuta pumzi, akajitia hamnazo, akawageukia na kuwaambia kwamba bila shaka, kona hii ndiyo historia yenyewe, yeye alikuwa anampima fundi tu. Nikarudisha sufuria zangu jikoni siku hiyohiyo.

Jumba limefika usawa wa ghorofa ya kwanza. Matao ni mazuri, siwezi kusema uongo, ingawa yanatazama mtama. Limeikumbatia nyumba yangu pande mbili. Kila mgeni anayeletwa anapitishwa kwangu kwanza, naye Maganga husimama mbele ya dirisha la Ndaki, lile la aibu, na kuwaeleza jinsi watu wa kale walivyopenda madirisha yaliyoinama. Juzi mke wa diwani alilipiga picha. Babu yako angejua angedai aitwe mhandisi.

Mfereji nao umepata maji, tena tele. Mvua za Desemba zililijaza shimo mpaka ukingoni, na kabla halijatulia ng'ombe wa kijiji kizima wakawa wameshafika. Shimo lililochimbwa Usukumani likajaa maji lina jina moja tu, ni lambo, na hakuna mtu aliyezaliwa hapa anayefukuza ng'ombe wa mwenzake kwenye maji. Maganga alijaribu siku moja kuweka kamba. Wazee walimtazama tu, akaitoa mwenyewe. Sasa mlango wa kupokelea mashua unapokea ng'ombe asubuhi na jioni. Wanaingia hadi ukumbi mrefu wa chini, wanapata kivuli kushoto na kulia, na kile wanachokiacha kwenye maghala ya Marino si pilipili. Wenye ng'ombe wananijia kila siku kunishukuru kwa kuzaa mtoto mwenye moyo wa kusaidia. Maganga anazipokea shukrani zao kwa uso wa mtu aliyemeza nzi. Nadhani lakini ameanza kuzipenda. Jana nilimsikia akimwelekeza Chacha apunguze kina upande wa ndama.

Sasa nikuambie kwa nini nimechelewa kukuandikia. Siku ile jioni, watu walipoondoka, niliomba ramani. Nilivaa miwani nikaitandaza kitandani, nikaitafuta kona ya kaskazini.

Sikuulizi kama huyo bibi wa Venisi alikuwepo kweli. Ni mambo yako na Profesa wako. Lakini nimeona nyumba yake ina vyumba vitatu. Mlango wake umechorwa ukiwa haujafunga vizuri. Jiko lake liko pembeni, nyuma yake kuna nafasi inayotosha banda la kuku, na kwenye ukuta wa jiko kuna dirisha dogo lililoinama kushoto. Sikujua kwamba na huko Ulaya, miaka mia saba iliyopita, kulikuwa na mume mwenye sururu.

Nilikaa nayo hiyo ramani mpaka taa ikapungua mafuta. Kila barua nimekuuliza utarudi lini, na kila barua ukanijibu habari za matofali, nikasema basi, mtoto ameshasahau kwao, ana haya tu ya kuniambia. Nilikukosea, nikawa sijui barua ya kukuomba radhi niianzie wapi. Aliyesahau hawezi kuchora mlango usiofunga. Nimekupenda siku zote, lakini siku ile nilikupenda mpaka nikaona aibu peke yangu chumbani. Kwa hiyo swali lile silirudii tena. Kaa umalize kazi ya watu.

Ila ramani yako ina kosa. Nimelipima kwa khanga, na dirisha umelichora dogo. Njoo ulipime mwenyewe.

Michembe ipo.

Bibi yako wa kona ya kaskazini,
Nyamizi